Mfuko wa Mama Mdogo

Karibu na Stesheni,
Voi.
19 Agosti 1956

Dada yangu mpendwa Loise,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji Reuben na watoto. Naomba barua hii iwakute wazima kama inavyotuacha sisi. Je, kikohozi cha Obadiah kimepoa? Baba huniuliza kila nikirudi kutoka kazini, kana kwamba Kampala ni hapo ng'ambo ya reli. Huku Voi ni vumbi tupu, lakini shambani Ronge mvua imenyesha na mama amepanda maharagwe tena.

Barua yako ya mwezi wa sita tuliipata. Ulisema mama mdogo Tryphena aambiwe aache kumalizia mshahara wake katika vichezeo vya watoto wa watu, maana hana mtoto wake na uzee unamjia. Nilikubaliana nawe kabisa. Nilimsomea baba, naye akatikisa kichwa akasema kweli. Lakini mwezi uliopita nimeona jambo kwa macho yangu, na sitatulia mpaka nikueleze.

Unajua kwamba tangu apate kazi ya kuwaangalia watoto katika wodi ya hospitali yetu, mama mdogo hukosi kumkuta na mfuko wake wa kaniki nyuma ya mlango. Ndani mna vifungo vikubwa vya koti, gololi, vioo vidogo, filimbi za bati, tepe, na vipande vya penseli. Mimi nilidhani hununua chochote kilicho rahisi. Siku moja nikamsindikiza dukani kwa Sheikhan, nikaona aibu. Alichukua filimbi kumi akazipuliza zote, moja moja, mbele ya wateja. Mbili akazirudisha. Gari dogo lililopakwa rangi nyekundu alilisugua kwa kidole kilicholoa mate, kidole kikatoka chekundu, akalikataa.

"Mama, hiki ni kitu cha senti chache tu," Sheikhan akamwambia, "wapeleleza kama wanunua ng'ombe!"

"Mtoto atakitia mdomoni," akajibu. "Na kikivunjika kabla ya jioni, nitakuwa nimemliza mara mbili."

Peremende hanunui. Husema huisha kabla ya machozi.

Basi, mwezi wa saba tukasikia kwamba ndui imeonekana ng'ambo ya mpaka. Tukatumwa Mwanda kuchanja watoto: Hudson, ambaye ndiye dresa wa kuchanja, mama mdogo wa kumsaidia, na mimi karani wa kuandika majina. Huko juu baridi na ukungu hukuacha kucha zimegeuka buluu.

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Hudson ni mtu mwema, lakini ana haraka. Mtoto akilia, aliagiza watu wawili wamshike mikono. Kilio cha wa kwanza kiliwafikia wengine waliokuwa njiani, wakatawanyika katika mahindi kama kwale. Jioni daftari langu lilikuwa na majina kumi na moja. Tukaambiwa yuko mama mmoja, jina lake Mkamburi, ambaye amewaficha watoto wake watatu na amewashauri wenzake wafanye vivyo hivyo. Mwaka uliopita binti yake mkubwa alishikwa na watu wanne akifungwa kidonda, na tangu siku hiyo huyo binti huamka akipiga mayowe.

Hudson akataka askari wa chifu waende nyumba kwa nyumba. Mama mdogo akamwambia, "Nipe asubuhi moja tu."

Kulipokucha alitandika mkeka karibu na ukuta wa kanisa, akamwaga mfuko wake, akaketi kupanga vitu. Hakumwita mtu. Watoto wakaanza kuchungulia, mmoja, wawili, kisha kundi. Kila aliyesogea aliambiwa achague mwenyewe, na akishachagua anaelezwa waziwazi kwamba atakwaruzwa mkono, na itauma kidogo. Anayetaka anakwenda kwa Hudson ameshika chake, wala hashikwi na mtu.

Hudson alikasirika. "Wape baada ya chanjo! Ukimpa kabla, atachukua akimbie."

"Akikimbia, amekimbia na chake," mama mdogo akasema.

Na kweli, msichana mmoja wa miaka kama tisa alichagua filimbi, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka mbio akapotelea kwenye ukungu. Watu wazima wakacheka. Hata mimi, dada, nilicheka. Mama mdogo aliinamia vitu vyake tu, lakini nilimwona masikio yamemwiva.

Asubuhi yote tuliisikia ile filimbi huko juu mlimani, mara mbali, mara karibu. Baadaye ikanyamaza. Tulikuwa tunakula viazi tulipomwona yule msichana akija, mkono wa gauni ameukunja mpaka begani, akiwavuta wadogo zake wawili. Nyuma yao anakuja mama yao, kanga ameishika kifuani. Ndiye Mkamburi.

Hakutusalimu kwanza. Alimwendea mama mdogo moja kwa moja akamwuliza, "Ni kweli hapa hapashikwi mtu?"

"Ni kweli."

"Mtoto wangu amesema umemwacha aende."

"Nilimwacha."

Mkamburi akaketi kwenye mkeka. Yule msichana akachanjwa wa kwanza, macho ameyakaza kwa mama mdogo, filimbi ameishika. Hakulia. Wadogo zake walilia, lakini hawakukimbia. Kufikia jioni wenzake Mkamburi walikuwa wamepanga foleni mpaka barabarani, nami niliishiwa na wino. Kesho yake Hudson ndiye alikuwa wa kwanza kuutandika ule mkeka. Mpaka leo ndui haijafika Mwanda, tunamshukuru Mungu.

Tulipokuwa tukiteremka nilitaka kumwomba radhi, nikakosa pa kuanzia. Akanisaidia. Alisema barua yako aliiona mezani kwangu akaisoma, na iliuma, lakini anajua uliandika kwa kumhurumia. Nilitamani ardhi inimeze. Dada, mwandikie wewe mwenyewe. Mimi nimekwisha kumwambia baba kwamba neno lile tuliondoe.

Baba na mama wanakusalimu, na jirani yetu Katuku anasema hajasahau deni lako la kumtembelea. Msalimie sana shemeji, uwabusu Gertrude na Obadiah. Mungu awafunike, nyumba yenu isikose cheko.

Mama mdogo angependa kuwatumia watoto wako kitu kidogo kwa mtu anayekuja Kampala mwezi ujao. Lakini anasema hawezi kuchagua, kwa sababu hajawahi kuwaona. Sikujua kwamba hajawahi. Ameniagiza nikuulize swali moja tu kwa kila mmoja wao: anaogopa nini?

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Donald