Baba Mkwe Alinizawadia Samaki, Sasa Wameharibu Mbegu

Mpendwa Mama Santina, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana nikinyamaza nitaharibu ziwa zima na nikisema nitamwaibisha baba mkwe wangu. Mimi ni Rahmah, nauza nguo soko la Owino, na nyumbani Busabala nina bwawa la samaki, ngege wa asili watupu, ambao Bi Alum, afisa wa uvuvi, alinipa mbegu yao kutoka ziwa dogo la umma kwa sababu kule walikuwa wanaisha, tukapatana wakizaana nitarudisha vifaranga. Sasa mwaka jana nilipojifungua, baba mkwe, Mzee Oola, polisi mstaafu, alikuja na jerikeni mbili za vifaranga akasema, "Mwanangu, hii zawadi ya mjukuu, mimina nione," na unajua mke wa mtoto hamkatalii baba mkwe, nikapiga magoti nikashukuru nikamimina, huku najua kabisa ni wale ngege wa kigeni wanaokua haraka, nikajipa moyo nitawatoa baadaye. Wallahi sikuwatoa. Wiki iliyopita nilitupa wavu nikaona samaki wenye mistari mkiani, na ngege wetu mkia wake hauna mistari, nikajua wamezaana na wale wa kigeni. Bi Alum anakuja Jumamosi kuchukua vifaranga elfu tatu, hajui kitu, na mzee amealikwa kumwaga ndoo ya kwanza, ameshanunua koti, kanisa zima analiambia samaki wa mjukuu wake wanaingia ziwani. Mume wangu Okullo anasema ninyamaze, samaki ni samaki. Nifanye nini?

Rahmah, Busabala

Rahmah binti yangu, hongera kwa mtoto. Kupokea zawadi sikulaumu, hata mimi ningepiga magoti. Lakini banange, mwaka mzima wavu ulikuwa wapi? Mzee akishaondoka ungewavua jioni ile ile. Ulijua, ukalala.

Na Okullo asikudanganye. Bwawa lako likiharibika unalikausha, unaanza upya. Ziwa halikaushwi. Machotara hao wakizaana na ngege wachache waliobaki kule, hakuna afisa atakayepata tena mbegu safi ya kumpa mtu yeyote. Hayo yote kwa ajili ya koti?

Leo, si kesho, mpigie Bi Alum. Usimtumie ujumbe, ongea naye, umweleze mpaka hizo jerikeni. Atafoka. Mwache afoke, ataahirisha shughuli. Ukikata simu tu, nenda na mumeo kwa mzee, mkae naye ndani, kabla habari haijamfikia kwa mdomo wa mwingine. Usithubutu kusema samaki wake wameharibu. Sema, "Baba, mimi nilijua, sikuwatenga, kosa ni langu." Ni lako kweli. Mtu aliyekaa polisi miaka yote hiyo ameshasikia makubwa zaidi ya hayo.

Kisha mwombe akusimamie kazi: bwawa livuliwe lote, samaki waliwe au wauzwe wakiwa wamekufa, jirani asipewe hata samaki mmoja aliye hai, tope likauke mpaka lipasuke, ndipo Bi Alum alete mbegu nyingine.

Unaogopa kumwaibisha. Aibu ya sebuleni inaisha kwa chai. Lakini ukimwacha Jumamosi amwage ile ndoo huku watu wanampigia makofi, mkono utakaoliua ziwa ni wake, na wewe umesimama pembeni unajua. Huko ndiko kumkosea baba mkwe.