Kabla Figo Hazijajibu

Jumatatu, 3 Machi
Gari la shule yetu ya udereva limezimika mlimani. Mwanafunzi wangu, yule mama muuza vitambaa ninayemwita Breki — hajui kukanyaga kingine! — kachanganyikiwa. Nikashuka kusukuma. Kidogo tu, pumzi ikakata. Maumivu hakuna. Kifua kizito, jasho la baridi.
"Mwalimu, mbona umepauka?"
Jua, nikamwambia. Jua gani, na mawingu yametanda!
Kesho kliniki. Liwalo na liwe.

Jumanne, 4 Machi
Daktari wa sukari kapima. Protini tele kwenye mkojo. Figo zinafanya kazi chini ya nusu. Nikadhani yameisha. Wapi! Anasema mwenye kisukari figo zikichoka hivi, mara nyingi mishipa ya moyo nayo imeziba kuliko anavyohisi. Sukari inaweza kufisha hata maumivu. Ndiyo maana kifua hakipigi kelele.
Kanipeleka kwa daktari wa moyo, ghorofa ya juu. Lifti mbovu. Nimepanda nikipumzika kila kona.

Jumatano, 5 Machi
Kuona palipoziba, lazima wapitishe mrija mkononi na kumwaga dawa kwenye mishipa. Dawa hiyo inaweza kuziumiza figo. Nisije nikaruka mkojo nikakanyaga mavi — na mkojo wenyewe ndio huo wenye protini!
Dada mkubwa kaja mbio. Usikubali, mdogo wangu, figo zikienda ni mashine ya kusafisha damu mpaka kaburini. Mume wangu anamenya viazi mpaka vimebaki gololi. Halafu:
"Mashine tutakaa nayo, Mama Mapacha. Moyo ukisimama tutakaa na nini?"
Dada kamwita mchuro, mleta nuksi. Tumecheka. Kisha dada kalia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesaini. Mimi, si mume, si dada. Nimeuliza kila kitu kwanza. Dawa watatumia kidogo iwezekanavyo. Dripu kabla na baada. Metfomini, vidonge vyangu vya sukari, nisimamishe kwanza. Figo watazipima tena.
Daktari wa moyo kasema nahoji kama trafiki. Nimewazoea, nikamjibu.

Jumatatu, 10 Machi
Imefanyika! Nilikuwa macho muda wote. Mishipa mikubwa yote mitatu imebana. Mmoja umebaki uzi. Daktari anasema kwa hali yangu, na sukari hii, upasuaji ni bora kuliko vyuma vya kutanulia: damu itengenezewe njia mpya. Ila figo kwanza. Zikistahimili ile dawa, wiki hii hii. Zisipo—
Hakumaliza. Nikammalizia: tutazingoja zipate nafuu, kisha utanipasua. Kanitazama. Haya, kasema.

Jumatano, 12 Machi
Damu wamechukua asubuhi. Mkojo unatoka vizuri, muuguzi kafurahi kuliko mimi.
Bibi wa kitanda cha pili husafishwa damu kwa mashine. Nimemuuliza waziwazi ikoje. Inachosha, mjukuu wangu, lakini mimi si huyu hapa nakula na kusengenya? Nimecheka mpaka kidonda cha mkononi kikauma. Basi. Hata hilo nitaliweza.
Dada anakunja shuka zilizokwisha kukunjwa.
Daktari namwona kwenye korido, ana karatasi ya majibu. Dada keshamuwahi mlangoni, anataka aambiwe yeye kwanza. Hapana! Nimemwita: Dada, mpishe. Figo ni zangu. Navaa kandambili, nitasikia nikiwa nimesima—