Mguu wa Wifi Yangu Umechorwa Ubaoni

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana siku hiyo wifi yangu ameapa kubeba cherehani yake na kuondoka dukani, nami sijui nimzuie au nimwache aende zake.

Mimi ni fundi viatu, nashona viatu vya wanawake wenye miguu mikubwa, kuanzia namba arobaini na mbili kwenda juu, kazi niliyoianza pamoja na dada wa mume wangu, ambaye mwenyewe anavaa arobaini na tano na alikuwa amechoka kuvaa viatu vya kiume, basi mimi nakata ngozi na kubandika soli, yeye anashona, na chumba chetu kiko katikati ya kinyozi na mtu wa fotokopi. Kazi yetu ni nzuri, lakini wateja wengi huingia kwa aibu, huulizia kiatu cha rafiki yao aliye safarini, kisha wanakijaribu wenyewe wakisema rafiki huyo wamelingana naye mguu, nasi tunaitikia tu. Kwa kuwaonea huruma nikaanza kupunguza namba, kiatu cha arobaini na nne nakigonga muhuri wa arobaini na moja, mteja anageuza soli, anasoma, anatabasamu, anachukua. Dirishani nikapanga viatu vya thelathini na saba nilivyoshona kwa kipimo cha mguu wangu mwenyewe, vya kuonyesha tu, kwa sababu kiatu kidogo kinapendeza machoni, na juu ya mlango tukatundika ubao ulioandikwa "Viatu vya Kila Mtu".

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumuuguza mama kwa siku tatu, na niliporudi nikakuta wifi ameshusha ubao wetu akapandisha mwingine ulioandikwa "WANAWAKE WENYE MIGUU MIKUBWA, INGIENI HAPA", na chini ya maneno kuna mguu mtupu, wa kwake mwenyewe, ambao aliukanyagia karatasi, akaufuatisha kwa kalamu, kisha akaukuza hadi kisigino kiko kwa kinyozi na vidole viko kwa mtu wa fotokopi. Kinyozi aliniuliza kama siku hizi tunauza mitumbwi.

Mchana huohuo akapita muuguzi mmoja, mteja wetu wa tangu mwanzo, akasimama mbali kidogo. Nikamwita, "Dada, karibu ndani." Akasema, "Niingie vipi? Nikivuka huo mlango, barabara nzima inajua nimefuata nini." Wifi akadakia kutoka kwenye cherehani, "Kwani barabara haijauona mguu wenyewe ukipita?" Muuguzi akaondoka, na hajarudi.

Nilimwambia wifi tuushushe ubao. Akasema, "Ukishuka huo, nami nimeshuka. Wewe unawauzia watu siri, mimi nataka kuwauzia viatu." Hasira zikanipanda, nikamjibu kwamba si kila mtu amezaliwa bila haya kama yeye. Tangu siku hiyo hatusemeshani, akitaka mkasi anamtuma kinyozi. Mume wangu anasema hayumo. Na kinachonichanganya zaidi, Mshauri, ni kwamba tangu ubao upande wamekuja wanawake wanne ambao hatujawahi kuwaona, lakini wa zamani wawili wakikaribia duka wanavukia upande wa pili wa barabara. Nifanye nini?

Fundi wa Namba Kubwa

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimecheka kabla ya kukasirika. Nakuhurumia, kwa sababu umekosea kwa upole. Lakini umekosea.

Tuanze na dirisha. Umelipamba kwa mguu wako. Mwanamke wa namba arobaini na nne anapita, anaona viatu vya thelathini na saba, anajisemea kwamba hapa pia hapamhusu, anaendelea na safari. Wa thelathini na saba anaingia kwa furaha, nawe unamwambia huna cha kumuuzia. Unawaita usiowashonea na kuwaacha wapite unaowashonea, halafu unashangaa. Viondoe viatu hivyo leo, uweke arobaini na sita iliyo nzuri kuliko zote, yenye rangi ya kusimamisha watu.

Namba za uongo ziishe. Mteja wako akimwagiza ndugu yake kiatu cha arobaini na moja kutoka duka jingine, ataletewa kitu kisichoingia hata vidole, na atadhani mguu umekua ghafla. Huo si wema. Mimi navaa arobaini na tatu, na nilifunga ndoa nimevaa viatu vya kaka yangu, gauni likarefushwa ili lifagie chini. Sikuhitaji mtu wa kunidanganya namba. Nilihitaji fundi wa kunishonea kiatu, na fundi hakuwepo.

Sasa ubao. Maneno "Viatu vya Kila Mtu" hayamwambii mtu yeyote lolote. Wifi yako alikuwa na haki ya kuyaondoa, na wale wanawake wanne ni ushahidi. Hata hivyo amebandika mguu mtupu barabarani kama tangazo la zahanati, na mteja wa zamani ana haki ya kushtuka. Usiufute mguu huo. Uvisheni kiatu. Pakeni kiatu chekundu juu ya mchoro uleule, kwa ukubwa uleule, na maneno yawe haya tu: "Viatu vya Wanawake, Namba 42 hadi 47". Anayehusika atajijua, na hatakuwa ameitwa kwa kiungo chake mbele ya watu. Muuguzi mfuate kazini kwake na jozi mbili za viatu ndani ya mfuko, ajaribu akiwa amekaa, umuulize angependa kusoma nini mlangoni pako. Wengine wanaoona haya wapelekeeni nyumbani. Kuona haya si kosa la mteja.

Nimebakiza lililo zito. Wifi yako alichora mguu wake mwenyewe, ambao bila shaka umechekwa tangu utotoni, akautundika mahali ambapo kila mtu atauona, kwa ajili ya duka lenu wawili. Nawe mwenye thelathini na saba ukamwambia hana haya. Ndiyo maana anaondoka. Ubao ni kisingizio tu.

Usingoje Jumatatu. Nenda kwake ukimaliza kusoma hapa, bila kinyozi na bila mumeo, umwombe radhi kwa neno hilo kabla ya kutaja rangi wala maandishi. Kisha mweleze pendekezo langu. Akilikataa, fuata analotaka yeye, na ubao ubaki ulivyo. Ubao hupakwa upya kwa nusu siku. Mshonaji anayejua kiatu cha kiume kinavyomuumiza mwanamke hutampata mwingine.