Aliyehesabu Nikiwa Nimelala

Suji, Jumatano, Novemba 1986

Sikuota. Eliamini aseme niliota mpaka koo limkauke.

Shemeji yangu huyu ndiye mwenyekiti wa ndiva, bwawa tunalogawana maji yake kwa zamu. Leo zamu yangu ilikuwa saa tisa. Nililala na homa tangu adhuhuri, ukungu umefunika jua, nikazinduka mwenyewe nikijua kwamba muda umefika. Nikachukua jembe, nikafungulia mfereji wangu.

Akaja mbio na saa yake mpya ya mkononi, aliyoinunua Same baada ya bidhaa kurudi madukani. "Mama Nakijwa, bado nusu saa! Homa inakuotesha."

Kengele ya shule ikalia, ile ya saa tisa.

"Shemeji, hebu iweke sikioni."

Ilikuwa imesimama.

Tangu jioni najiuliza ni nani humu ndani yangu aliyehesabu muda wakati mimi sijitambui. Naogopa kidogo, maana sijui kama kesho atahesabu tena.

Lakini Eliamini ameitisha kikao kesho. Anataka asiye na saa asipewe zamu, na sisi wajane hatuna. Nitakwenda mkono mtupu, nikae mbele kabisa, nifumbe macho. Waniulize ni saa ngapi.