Geti la Mama

Njia ya Vitongoji,
Chake Chake, Pemba.
8 Juni 2025

Mpendwa kaka Talib,

Assalaam alaykum warahmatullah. Vipi hali yako na joto la Maskati? Wifi Mardhiya mgongo umepoa? Sisi wazima, alhamdulillah, ila mie nimechoka, kaka. Nimechoka hasa.

Mtaa umejaa, ukija leo utapotea. Kwa marehemu Bi Duni sasa wanakaa watu wa Kojani, wakizungumza mie nasikia yote nikiwa jikoni kwangu. Kwa marehemu Mzee Haroub kahamia Bi Shamima, mwalimu wa Kiuyu. Nyuma yetu yupo Jabir, fundi wa kuchomelea mageti, wazee wake walitoka Tabora. Misikiti imekuwa mitatu.

Mama hayajui hayo. Kila asubuhi anajitanda kanga, anakwenda kuwaamkia majirani zake wa zamani. Anapiga hodi, anamwita Bi Duni, na yule mama wa Kojani anaitika. Kwa Shamima anauliza kifua cha Mzee Haroub, anaambiwa hajambo, kaenda shamba. Saa nne anarudi, keshakunywa chai nyumba tatu, na mie roho juu kwa ajili ya magari.

Uliposema tujenge ukuta, tutie geti na kufuli asitoke, nilitii. Jumatatu nikafunga. Mama alisimama ndani ya geti mpaka adhuhuri akipiga hodi, na hakuna wa kumkaribisha. Nililia, kaka.

Baada ya sala wakaja majirani hao, mmoja mmoja, kuuliza mbona Bi Mwanawema hakupita kwao, anaumwa nini. Niliona haya. Miaka mitatu nawaita wakuja, na Ramadhani zote hizo sikuwapelekea hata sahani ya futari. Jabir alilitazama geti lake, akasema, "Ningejua ni la kumfungia bibi, nisingelichomelea."

Kufuli nimelitoa. Nikasirikie ukitaka, lakini silirudishi. Watu hawa wanamleta mpaka mlangoni.

Nisalimie wifi, na Hamdan na Ummkulthum. Bi Shamima naye anakusalimu, ingawa hakujui. Mola akuhifadhi huko uliko na akujaalie safari ya kurudi.

Salamu za mama sikuletei. Jana nilimtajia jina lako, akaniuliza, "Talib? Mtoto wa nani huyo?" Njoo umjibu mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Rahila