Mpira Usio na Kuotea

Chumba cha Cherehani,
Mkabala na Uwanja.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Shikamoo yako niliipata kwa dereva wa lori la saruji, marahaba. Kwanza mgongo. Umepona, au bado unainuka kitandani kwa awamu kama mzee? Dereva anasema alikukuta ukibeba nondo pamoja na vijana, nikamwambia huyo ni yeye kabisa, hajui kwamba miaka imekwenda. Jifunike vizuri huko kwenye ujenzi wa bwawa, na maji uchemshe.

Sisi huku tunapumua. Shemeji yako kikohozi kimemwachia, cherehani yangu bado inanipa riziki, na paa tuliwahi kuliziba kabla ya mvua. Mwanao nitamfikia. Ndiye hasa aliyenifanya nichukue kalamu, maana simu yako nimepiga mpaka nimechoka, kila mara naambiwa hupatikani.

Katika salamu zako uliuliza, tena kwa kejeli, kama mpira wetu umenoga tangu kuotea kufutwe. Leo nakujibu, nawe usome ukiwa umekaa.

Unaijua desturi ya ligi yetu ya mtaa. Timu inayotwaa kombe huomba jambo moja libadilishwe, na jambo hilo hukaa msimu mzima. Siku zote watu wameomba mizaha. Mafundi bomba waliomba mapumziko yarefushwe wapate kuvuta sigara. Watu wa bucha walimtaka refa avae suruali, eti miguu yake inawachekesha wakashindwa kupiga penalti. Msimu uliopita kikashinda kiwanda cha mikate, na kwa kuwa mwanao ndiye aliyedaka penalti ya mwisho, wenzake wakamwachia yeye aombe. Akasimama mbele ya watu akaomba sheria ya kuotea iondolewe. Kipa, mdogo wangu! Kipa mwenyewe ndiye aliyeomba washambuliaji waje wasimame mlangoni kwake. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua maneno yale yametoka wapi. Yalikuwa yako. Ulipokuja likizo ulikaa kwenye kiti changu cha wateja ukasimulia tena lile goli lako la fainali lililokataliwa kwa kibendera. Ukasema kuotea ni sheria ya watu wenye wivu, na siku itakapoondolewa magoli yatamiminika na mpira utakuwa mtamu. Mwanao alikuwa amekaa sakafuni anashona glavu zake. Hakupitwa na neno hata moja.

Sitaki kukuonea. Mwanzoni ulisema kweli tupu. Mechi za kwanza zilikuwa raha isiyo kifani, magoli mpaka watu wanabishana ni ngapi kwa ngapi. Shemeji yako, mwamuzi wetu wa pembeni, akapumzika na kibendera chake, hakuna tena wa kumtukania mama yake. Hata mimi niliacha suruali za watu bila pindo nikaenda kusimama pembeni ya uwanja. Nikasema moyoni, kumbe huyu mdogo wangu ana akili.

Kisha wakauzoea. Washambuliaji waliona hakuna haja ya kukimbia, wakapiga kambi golini. Mabeki nao wakabaki hukohuko kuwachunga. Katikati ya uwanja siku hizi nyasi zimeota, hapakanyagwi na mtu isipokuwa refa. Mpira unapigwa juu kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, halafu wanaugombea mlangoni kwa viwiko na magoti. Yule winga mwembamba wa mafundi bomba, fundi wa chenga, ameacha kucheza. Anasema hana pa kupitia. Nilidhani sheria ile iliwekwa kuwanyima watu magoli. Sasa naona ilikuwa inawatawanya, na watu wakitawanyika ndipo mpira unapochezeka.

Tena kuna hawa watazamaji. Zamani walijipanga pembeni, sasa wote wanabanana nyuma ya magoli. Goli likiingia wanapiga makofi kidogo tu, kwa adabu. Kipa akianguka ndipo wanaposimama wote. Kipa wa bucha alivunjika mtulinga akaaga mpira. Wa mafundi bomba aliondoka kimya kimya, akadai kazini wamembadilishia zamu. Waliobaki wanasukumwa kuingia golini, isipokuwa mmoja, nawe unamjua.

Nusu fainali mpira ulikuja juu, wakaruka watu chungu nzima, na kiwiko cha mmoja wao kikampata mwanao penye panja. Alilala chini muda mrefu. Kisha akainuka, akadaka hadi mwisho, timu yake ikashinda, na watu wakambeba. Niliwaona wanambeba, naye anaangalia huku na huku kana kwamba hajui sherehe ni ya nani.

Tangu siku hiyo si yeye. Msimamizi wa tanuri aliniita pembeni akaniambia kijana anaingiza trei tupu motoni na kusimama kuzingojea ziive. Mwanga unamuumiza, dirisha lake limefunikwa shuka mchana kutwa. Juzi nilimpelekea chakula akaniita Mama. Tangu wifi yangu afariki hajamwita mtu yeyote jina hilo, mimi ni Shangazi siku zote, na hakujisahihisha. Nilimpeleka zahanati kwa nguvu. Daktari alimchunguza macho, akamtoa nje, akaniambia akigongwa tena kabla hajapona, yeye asiulizwe.

Fainali ni Jumamosi, na ni dhidi ya kiwanda cha mbao. Hao wana mtu wanayemwita Gogo. Mpira hajui hata kuutuliza. Kazi yake ni kusimama mbele ya kipa toka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, anamkanyaga vidole na kumsemesha chini chini. Na wamekwisha kutangaza watakachoomba wakitwaa kombe: kipa akiwa hewani na mpira, iwe ruhusa kumpiga kikumbo.

Shemeji yako aliwaendea wakubwa wa ligi kuwasihi kuotea kurudi kwa mechi hii moja tu. Wakamjibu kwa upole kwamba neno la bingwa haliguswi mpaka apatikane bingwa mwingine.

Jana Gogo alikuja kwangu nimpanulie jezi mabegani. Ana adabu ukimwona nje ya uwanja, alinisalimia vizuri, akavua kofia. Nilipokuwa nampima akaniuliza mwanetu anaendeleaje. Nikasema hajambo. Kisha akaniuliza ni upande gani wa kichwa unaomuuma. Mdogo wangu, pini zote zilinimwagika sakafuni. Nilisema sijui, na jezi nikamrudishia bila kuishona.

Nilimkalisha mwanao chini. Nimemsihi, nimemgombeza, nimelia mbele yake bila haya. Alinisikiliza yote, wala hakunikatiza. Kisha akasema, "Shangazi, Baba ndiye aliyetaka mpira uwe hivi. Nitamwambiaje kwamba mimi ndiye niliyeshindwa kuucheza?"

Basi hapo nimefika mwisho wangu. Naogopa, nakwambia waziwazi, naogopa sana. Barua hii anakuletea yuleyule dereva, ameniahidi utaipata kabla ya Ijumaa. Ukimaliza kuisoma weka koleo chini, panda kile kilima mnakopatia mtandao, umpigie. Habari za daktari usimwambie, hazimwingii. Mwambie ulikosea. Mwambie lile goli lako lilikuwa la kuotea kweli. Shemeji yako alikuwepo, alikuona umesimama nyuma ya mabeki wote, na wewe mwenyewe unajua. Tumekuachia miaka yote hii kwa sababu tulipenda unavyolisimulia. Sasa litoe, umpe mwanao. Kwako ataamini.

Mama Mdogo anakusalimu na anauliza lile blanketi ulilomwahidi. Wapwa zako wanakuamkia, yule mkubwa amenipita kimo. Shemeji yako anasema usimchukie kwa ajili ya kibendera, aliinua alichokiona.

Mwanao ameingia sasa hivi kuchukua glavu zake nilizomshonea kidole. Ameniuliza kama nakuandikia wewe, nikasema ndiyo. Akatabasamu, uso umetabasamu upande mmoja tu, akasema, "Mwambie Baba alikuwa na haki. Mpira umenoga." Akatoka. Sijamaliza hata kuandika maneno hayo amerudi, amesimama palepale mlangoni, ameniuliza kama nakuandikia wewe, kisha amesema, "Mwambie Baba alikuwa na haki. Mpira umenoga."

Mungu akuweke, na huyu naye atuwekee.

Wako akupendaye daima,
Dada yako