Wifi Ananiita Harusini, Kaka Yake Kanishtaki Ng'ambo

Mshauri mpendwa, nakuandikia nimekaa juu ya majora ya vitambaa vya watu maana kiti ninacho kimoja na binti yangu anafanyia hesabu za shule, naomba uniokoe kabla sijakosea, mimi ni fundi cherehani, niliachana na baba yake kwa amani, akarudi kwao ng'ambo ya mpaka kutengeneza majokofu, mtoto akabaki kwangu na hakuna aliyelalamika mpaka mwezi jana wakili wake aliponitumia picha ya wito kwenye simu, kwamba amefungua kesi kwao anataka apewe mtoto, nikajichoma sindano, nikampigia kaka yangu, akacheka, “Mahakama ya kule itakufikiaje huku? Futa hiyo picha ulale,” lakini silali, na sasa wifi yangu, dada wa huyo huyo baba mtoto, anaolewa na gauni lake liko hapa kwenye cherehani, ananibembeleza, “Wifi, lilete mwenyewe unipime, uje na mtoto bibi yake amuone, mambo ya mahakama tuyaweke kando,” nami nampenda, nimewaza niende, nikishavuka nipite kwa hakimu nimweleze yote tangu mwanzo, ataona sina ubaya, niende?

Fundi wa Magauni

Fundi, pole sana. Sasa weka mkasi chini unisikilize.

Kaka yako anakupenda ila amekupotosha. Mahakama ya kule ikijiona ina mamlaka itaamua bila wewe, na baba mtoto anaweza kuja na hukumu hiyo huku kuomba itekelezwe. Kila nchi ina kipimo chake cha kesi ipi ni yake. Kwingine wanaangalia mtoto anaishi wapi, na hapo una nguvu. Kwingine inatosha ukabidhiwe wito mkononi ukiwa ndani ya mipaka yao, hata kama umekuja kucheza muziki harusini. Picha ya simu huenda isihesabike. Wewe ukiwa pale, umepiga magoti unapinda gauni, unahesabika. Sisemi wifi ana hila, pengine hajui lolote. Wakili wa kaka yake anajua.

Na hiyo hadithi ya tangu mwanzo imeze, mama! Ukianza kumweleza hakimu ugomvi wenu, mahakama nyingi zitasema umekubali akuamulie. Neno la kwanza kule liwe pingamizi: mtoto anaishi na kusoma huku, kesi isikilizwe huku. Kesho asubuhi nenda ofisi ya msaada wa kisheria, wakutafutie wakili wa kule alitamke hilo kwa niaba yako, na wakufungulie shauri la malezi huku. Beba barua ya shule na kadi ya kliniki. Picha usiifute.

Gauni litume kwa basi. Likimbana wifi atapumua kidogo kidogo, na atakununia mpaka achoke. Ila binti yako akivuka, mahakama ya kule ikaamuru asiondoke, utarudi peke yako, na mimi sitakuwa na ushauri wa kukupa.